Dirisha la Shemeji

Alhamisi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tano. Mvua iliacha kunyesha alfajiri lakini mbingu haikufunguka. Wingu lilibaki juu ya mapaa kama blanketi lililoloa na kusahauliwa kwenye kamba. Siku hiyo ndipo waya wa Mama Mapazia ulipofika.

Jina hilo alipewa na kazi yake. Alishona mapazia chumbani kwake, ghorofa ya pili, cherehani ikiwa imeegemezwa dirishani ili ipate mwanga, na hapakuwa na nyumba mtaani ambayo haikuning'iniza kitambaa alichokikunja yeye. Watu walimtania kwamba anajua siri za mtaa mzima kwa kuwa ndiye aliyezifunika. Yeye hucheka kidogo, huku pini ziko mdomoni.

Mumewe alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo. Alikaa na mashine zile tangu ujana wake mpaka kiwanda kilipofungwa, na mashine hazikumwacha hivi hivi: zilimchukulia masikio yote mawili, na vumbi la pamba likamkaa kifuani. Hakuwa peke yake. Katika chumba kile cha mashine hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake hata akimpigia kelele sikioni, kwa hiyo wafumaji walisoma midomo, na pale midomo isipotosha walisema kwa vidole. Kiganja kilicholazwa kilikuwa na maana kwamba mashine imesimama. Vidole viwili vya shahada vikitenganishwa, uzi umekatika. Vikishikanishwa kama ndoana, nimeuunga, endelea.

Ishara hizo alizileta nyumbani. Binti yao wa mwisho, ambaye wote walimwita Kitinda, alizijua kabla hajajua kusoma. Akivunja kikombe, baba humkazia macho na kutenganisha vidole. Mtoto hulia, husema samahani huku akiuweka mdomo wake mbele ya macho ya baba, na baba hushikanisha vidole. Basi, yameisha. Hakuna aliyelitaja kosa lile tena.

Kosa ambalo halikuungwa lilikuwa moja tu. Miaka minne nyuma Kitinda aliondoka kwenda kutafuta maisha nchi ya mbali, na aliondoka kimyakimya, bila kuaga, kwa kuwa alijua baba atakataa. Aliyemnunulia tiketi na kumsindikiza hadi uwanja wa ndege alikuwa baba yake mdogo, mdogo wake mfumaji, ambaye anakaa chini kabisa ya jengo hilohilo na kuuza vifaa vya ujenzi. Mtaani anaitwa Misumari. Mfumaji alipoambiwa hakufoka. Alikaa kitandani, akatenganisha vidole, akaviacha hivyo kwa muda mrefu. Tangu siku ile mkewe alipita mbele ya mlango wa shemeji yake asubuhi na jioni kama anayepita mbele ya ukuta.

Kitinda alipata kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu. Makaratasi yake yalikuwa hayajakaa sawa, na asingeweza kutoka kule akarudi. Aliandika ujumbe mwingi wa kuomba radhi. Mama aliupeleka kwa baba, na baba aliigeuza simu kifudifudi.

"Maandishi hayana mdomo," alisema kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia. "Aje aniambie usoni."

Moyo ulipoanza kumvimba na daktari akasema mgonjwa akapumzike nyumbani, neno ambalo Mama Mapazia alilielewa vizuri, mfumaji alilegea. Alisema hata kwenye simu inatosha, mradi amwone anavyosema. Wakajaribu kwa bando la simu. Jengo lao lilikuwa bondeni, limebanwa na majengo marefu, na mtandao ulifika hapo ukiwa hoi. Uso wa Kitinda ulikuja vipande vipande, kisha ukaganda mdomo wazi. Baba aliutazama.

"Ananipigia miayo?" akauliza.

Walicheka wote wawili, mpaka kikohozi kikamkatiza. Baadaye akamshika mkewe mkono, akamwambia atafute mtandao wa waya, ule unaoitwa faiba, unaoleta picha bila kukwama. Macho yake wakati huo yalikuwa bado makali. Angeweza kusoma mdomo wa mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Kampuni zilizokuwa zikipita mtaani zilikuwa mbili, na watu walizitofautisha kwa rangi za fulana: bluu na chungwa. Wakala wa bluu alikuwa msichana mwenye mwavuli, mpole, asiyetia chumvi. Alilikagua jengo kwa nje, akapanda, akasema hapana tabu, boksi lao limeshafungwa ukutani chini pale, kwa yule mzee wa misumari. Watavuta waya kupitia dirisha lake na kuupandisha moja kwa moja.

"Kesho jioni unaongea na mwanao, mama. Anatakiwa akubali tu yule mzee. Neno moja."

Mama Mapazia aliuliza kama hakuna njia nyingine. Msichana akasema ya juu ya paa ipo, ila mwenye jengo haitaki. Kisha, kwa nia njema kabisa, akaongeza kwamba kama ni haraka ya mgonjwa, hata waya hauhitajiki leo. Yule mzee ana mtandao wao tayari, wapo juu yake tu, wamwombe neno la siri waingie kwenye wake.

"Tutaangalia," alisema Mama Mapazia, na kila anayeijua lugha anajua neno hilo hufunga mlango gani.

Wakala wa chungwa alikuja siku iliyofuata, kijana mwenye maneno kama maji ya bomba lililopasuka. Wao hawamgusi mtu, alisema. Wana nguzo zao, mtaro wao, njia yao ya nyuma ya jengo. Mama hana haja ya kubisha hodi kwa yeyote. Wiki moja, ikizidi sana siku kumi. Hakujua ni lipi kati ya maneno hayo lililomvuta mteja wake.

Jirani wa mlango wa pili, mwanamke mnene anayepika kwenye shule ya jirani na asiyejua kunong'ona, alimwambia palepale kwenye ngazi kwamba ameamua vibaya.

"Shoga yangu, faiba haichaguliwi kwa kununa. Mwenye mgonjwa hana adui."

"Sina adui," alijibu Mama Mapazia. "Nina kampuni mbili, nimechagua moja."

Mtaro ulianza kuchimbwa, ukajaa maji ya mvua. Ulipokauka, watu wa manispaa wakausimamisha, wakidai kibali cha kupasua njia. Kibali kilipopatikana, nguzo iliyokuwa ibebe waya ikaonekana imeinama. Kijana wa fulana ya chungwa mwanzoni alipokea simu na kusema "kesho, mama yangu," baadaye akawa hapokei. Kila asubuhi mfumaji aligeuza uso mlangoni na kulaza kiganja juu ya shuka. Mashine imesimama? Mkewe aliinamisha kichwa kukubali, akarudi kwenye mapazia ya watu.

Ilipita wiki ya pili, na ya tatu ikaingia. Macho ya mgonjwa yalianza kuchoka. Alikuwa akimwomba mkewe arudie maneno, naye hakuwahi kuombwa hivyo katika ndoa yao yote. Hapo ndipo Mama Mapazia alipokunja kitenge kiunoni na kushuka. Alishuka akiwa na maneno yake mkononi, ameyapanga: Shemeji, sikuja kwa ajili yangu. Alifika mbele ya mlango ule, akainua ngumi abishe.

Kutoka ndani alisikia sauti ya bintiye.

Ilikuwa safi, haina kukwaruza, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha pili. Kitinda alikuwa akimsimulia baba yake mdogo habari za kikongwe mmoja anayekataa kuoga mpaka aimbiwe, na Misumari alikuwa akicheka kicheko kile cha ukoo, kicheko cha mumewe kabla kifua hakijaharibika. Kisha Kitinda akauliza, "Baba anaendeleaje? Nao hawajaja kwako?" Misumari akajibu kwa upole kwamba hawajaja, na yeye hawezi kupanda bila kuitwa, anaogopa kumshtua mgonjwa moyo.

Mtu mwingine angebisha hapohapo. Mama Mapazia aliteremsha ngumi. Baadaye alimwambia jirani yake kwamba hakukasirika, ila aliona aibu, na aibu ilikuwa nzito kuliko hasira. Kwamba mtoto wake alikuwa hatua chache chini ya kitanda cha baba yake muda wote huo, na yeye ndiye aliyekuwa dari katikati yao. Alipanda ngazi taratibu. Akajiambia faiba itakuja kesho.

Ilikuja Alhamisi ile. Mafundi wawili wa chungwa walipanda na mkebe wa zana, wakaomba radhi kwa matope, wakatoboa ukuta. Walitaka kuiweka ruta, kile kisanduku cha kurusha mtandao, sebuleni, ambako mtandao ungeenea vyumba vyote. Aliwakatalia. Aliwaelekeza chumbani, kando ya kitanda, na fundi mmoja alipomwona aliyelala pale aliivua kofia yake na kufanya kazi iliyobaki kwa kunong'ona, ingawa hapakuwa na wa kuamshwa. Mfumaji hakuwa amefumbua macho tangu Jumanne. Alikuwa akipumua kwa mbali, kama mtu anayepanda ngazi na kusimama, kupanda na kusimama.

Taa za ruta zikawaka. Mafundi wakaaga. Mama Mapazia akapiga.

Picha ilikuja ikiwa imekamilika. Aliziona mpaka nyusi za mwanawe, mpaka kovu la tetekuwanga juu ya mdomo. Kitinda alikuwa amevaa sare ya kazini na alikuwa ameshaanza kulia. Mama akaisogeza simu karibu na uso wa mumewe, akamtikisa bega, akampapasa shavu, akamwita kwa jina lake la ujana ambalo hajalitumia mbele ya watoto. Kope hazikuinuka.

"Nisamehe, baba," alisema Kitinda. Alilitamka polepole, akifungua mdomo kila silabi kama alivyofundishwa akiwa mtoto. Alilirudia. Alilisema kwa masikio yaliyokufa zamani na kwa macho yaliyofungwa. Kisha akainua mikono yake mbele ya kioo, akashikanisha vidole viwili kama ndoana, akavishikilia hivyo.

Mama Mapazia aliweka simu juu ya mto. Aliuchukua mkono wa kulia wa mumewe, mkono ulioota sugu za nyuzi, akaifanya ishara ileile ndani ya kiganja chake, kidole chake kikinasa kidole cha mgonjwa. Akasubiri. Alikivuta kidogo. Kidole kilikuwa na joto, na kilikuwa kizito, na kilikaa vilevile alivyokiweka.

"Mama," sauti ikatoka kwenye mto, "amefanya nini?"

Aliinua simu. Katika maisha yake yote alikuwa mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata.

"Ameunga," alisema. "Amekishika kidole changu. Ameunga, mwanangu."

Kitinda akaufunika uso na kulia kwa sauti, kilio cha mtu aliyetua mzigo, na mama yake akamwangalia akilia mpaka mwisho. Picha haikukwama hata mara moja.

Alfajiri mfumaji alisimama kwenye ngazi ile anayoipanda na hakuendelea.

Asubuhi ilipopambazuka, Mama Mapazia alimfunga mumewe kidevu kwa kitambaa cha pazia jeupe, akamwomba jirani akae naye. Jirani, ambaye kwa mara ya kwanza alizungumza kwa sauti ndogo, alimuuliza kama ameshampigia mtoto. Akasema bado. Ruta ilikuwa pale kando ya kitanda, taa zake zinapepesa, na nje ya chumba kile mtandao ulififia mpaka ukawa haufai. Na ndani ya chumba kile, mbele ya mkono ule, hakuweza kuinua simu.

Akashuka. Misumari alikuwa anafungua duka, ameshika kufuli. Alipomwona shemeji yake amesimama mbele yake, amemtazama usoni baada ya miaka minne, hakuhitaji kuambiwa. Aliiweka kufuli juu ya meza ya mizani, polepole, isilie.

"Lini?"

"Alfajiri."

Alikaa juu ya mfuko wa saruji. Akauliza, bila kumlaumu, kama mtu anayeuliza njia aliyokwisha kuikosa: "Ungekuja, shemeji, ningekataa?"

"Nisingekataliwa," alisema Mama Mapazia. "Nilijua tangu siku ya kwanza."

Akamwomba neno la siri. Misumari akalitaja, na lilikuwa jina la kiwanda cha kaka yake. Mama Mapazia alivuta kiti, akakaa chini ya dirisha ambalo waya wa bluu ungepitia, akaliandika jina lile kwenye simu herufi moja moja, akampigia mwanawe.