Kanuni ya Sita ya Kujaza Nafasi

Nilikuwa na daftari la jalada la kijani, na kwenye ukurasa wake wa kwanza nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: KUJAZA NAFASI. Chini ya kichwa hicho niliandika tarehe, kwa maana hata nilipokuwa mtoto sikuandika kitu bila tarehe. Kisha zikafuata kanuni sita. Tano nilimpa rafiki yangu kama nilivyozipokea kwa mwalimu. Ya sita niliibadilisha.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini, tukiwa darasa la saba. Shule yetu ilikuwa upande wa Kimulot, pale ambapo chai ya kampuni inakoma na chai ya wenyeji inaanza, kwa hiyo tulisoma pamoja watoto wa aina mbili. Sisi wa laini tulikaa katika nyumba za kampuni zilizopangwa mistari. Wazazi wetu walitoka magharibi kutafuta kazi. Baba yangu alikausha majani kiwandani na mama alichuma. Wengine walikuwa watoto wa wenyeji, wenye ng'ombe, mahindi na vipande vya chai vilivyokuwa bado vipya. Rafiki yangu alikuwa wa huko. Alinishinda hesabu kila mara, na mambo mengine alinishinda mara nyingi. Kiingereza peke yake ndicho nilichomshinda, tena kwa sababu mwalimu wetu wa Kiingereza alifundisha mambo makubwa siku ya Ijumaa.

Ijumaa ilikuwa siku ya chai. Jumanne na Ijumaa lori lilikuja kwenye kituo cha kununulia, na mama yake hakuweza kuchuma na kubeba peke yake. Siku hizo dawati langu lilikuwa na mtu mmoja. Jumamosi nilipanda kwao na daftari, naye akanakili.

Somo la kujaza nafasi lilifundishwa Ijumaa moja yenye mvua. Karatasi ya Kiingereza ilikuwa na sentensi nyingi zenye mwanya katikati, na chini ya kila sentensi kulikuwa na majibu manne ya kuchagua. Mwalimu alitembea kati ya madawati akisema, "Ninyi mnaona mwanya, mnarukia jibu la kwanza kama kuku aliyeona mahindi. Soma kwanza mpaka nukta!" Hiyo ilikuwa kanuni ya kwanza. Ya pili: tazama neno lililo kabla ya mwanya na lililo baada yake, maana hayo mawili ndiyo mashahidi. Ya tatu: tafuta kama sentensi inasema jana, kila siku au kesho, ndipo uchague kitendo. Ya nne: kata yale mawili yasiyowezekana kabisa, ubaki na mawili tu. Ya tano: likikushinda, litie alama, uende mbele, urudi baadaye. Na ya sita aliisema akigonga ubao kwa chaki: "Usiweke penseli chini kabla kila nafasi haijajazwa. Msahihishaji hakuchapi kwa kukosea. Anahesabu ulizopata tu. Mwenye kuacha wazi amejinyima mwenyewe."

Niliandika yote, neno kwa neno.

Ni lazima niseme kilichokuwa kichwani mwangu, kwa sababu si kwamba nilikosea. Shule ya upili ya wasichana ilikuwa ikiita msichana mmoja kutoka shuleni kwetu. Miaka mitatu mfululizo aliitwa mmoja. Katika jaribio la mwisho rafiki yangu alikuwa wa kwanza na mimi wa pili. Jioni mama alipoosha mikono niliona vidole vyake, vyeusi kwa utomvu wa chai, kucha zimepasuka, na nilijua kwamba wa pili angepewa kikapu cha kuchumia chai.

Jumamosi hiyo nilimkuta nje ya nyumba yao akipukuchua mahindi. Nilimsomea moja mpaka tano. Alizinakili kwenye karatasi akiiegemeza gotini.

"Sasa hapo kwa tano," akasema, "nikirudi mara ya pili na bado sijui?"

Sikuwa nimepanga kitu. Lakini ukutani palikuwa na kikapu cha chai, na wiki mbili nyuma nilikuwa nimemsindikiza kituoni siku ya likizo fupi. Nilimwona karani akitia mkono ndani ya kikapu cha mama yake, akatoa jani moja gumu, akaliinua watu walione, kisha akamwaga kikapu chote juu ya meza. "Mama, hii ni chai ama ni mboga ya mbuzi? Rudi ukachague." Wanawake walicheka. Mama yake aliinama akaanza kuchagua, na lori likaondoka bila chai yake.

"Ukiwa hujui, acha wazi," nikamwambia. "Ukikosa moja, wanakuondolea na moja uliyopata. Ni kama kwa karani. Jani gumu moja linaharibu kikapu."

Mtoto wa laini asingedanganyika hivyo. Chai ya kampuni ilipimwa kwa njia nyingine, na mnyapara alifoka tu. Lakini yeye alikuwa mtoto wa kituo. Aliinua uso mara moja.

"Ah, hiyo naielewa," akasema, akaandika: Sita. Usiguse usichojua.

Siku ya mtihani alikaa madawati mawili mbele yangu, upande wa kulia. Niliona alipoweka penseli chini. Bado tulikuwa na muda mwingi. Alikunja mikono mapajani, akatulia kabisa, kama mtu aliyekwisha kuchagua majani yake na hana wasiwasi na karani. Kwenye karatasi yake ya majibu niliona mistari myeupe. Ningeweza kukohoa. Niliinama nikajaza zangu zote, pamoja na sentensi moja ambayo sikuelewa hata inazungumzia nini.

Nje aliniuliza, "Uliacha ngapi?"

"Chache," nikasema.

"Mimi kumi na moja." Akacheka. "Sikutaka kurudishwa nyumbani na kikapu."

Mwalimu mkuu alileta majina kutoka Kericho mwezi wa kwanza. Niliitwa mimi. Rafiki yangu alikuwa amepita, lakini hakufikia alama za kuitwa. Alikuja akanishika mikono yote miwili mbele ya watu, akasema, "Angalau mmoja wetu ameenda." Baba yake alisema kurudia darasa hakuwezekani, chai ilikuwa imekua, na kulikuwa na mdogo wake anayengoja zamu.

Mdogo huyo ndiye niliyemkuta na dada yake wakisoma karatasi ile, miaka miwili baadaye, nilipokuja likizo ya Agosti nikiwa na viatu vyeusi na soksi. Walikuwa wamekaa pale pale nje ya nyumba. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nyingi hadi imekatika mikunjoni, na rafiki yangu aliishika kwa vidole vyeusi kama vya mama yangu.

"Sita?" alimuuliza mdogo wake.

"Usiguse usichojua."

"Kwa nini?"

"Jani gumu moja linaharibu kikapu."

Wote wawili walinitazama, wakingoja niwasifu.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: nilikudanganya. Badala yake nikasema, "Hiyo ya sita wamebadilisha."

"Wamebadilisha? Lini?"

"Mwaka huu. Tumesikia huko shuleni. Sasa hawakuondolei kitu ukikosa. Ajaze zote."

"Hata kwa kubahatisha?"

"Hata kwa kubahatisha."

Alichukua penseli ya mdogo wake akaikata kanuni ya sita kwa mstari mmoja ulionyooka. "Nyinyi wa siku hizi mna bahati," akamwambia, akimsukuma kichwa kidogo kwa mzaha. "Wangebadilisha wakati wetu, mimi pia ningekuwa na soksi."

Mdogo wake aliitwa. Siku chache baada ya habari kufika, mama yao alishuka hadi laini na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando yenye mkaa ambayo kwao hupewa mtu wa heshima, na rafiki yangu nyuma yake. Mama yangu alifuta kiti kwa leso. Yule mama alinishika kichwa akasema, "Kongoi, asante, mtoto wangu. Mungu akuzidishie." Majirani wa laini walisimama mlangoni kuona. Nilipewa kikombe cha kwanza, kabla ya baba yangu. Nikanywa wote wakinitazama.

Rafiki yangu akatoa karatasi mpya kwenye kifundo cha leso yake. "Ile imeraruka, na tuna wengine wawili wadogo nyumbani," akasema. "Leta lile daftari lako la kijani, mwalimu, tunakili upya. Na hiyo sita mpya uiweke."

Daftari lilikuwa rafuni, nyuma ya bega lake, chini ya taa ya mafuta. Kanuni ya sita ilikuwa humo kama mwalimu alivyoisema, na juu yake tarehe ya Ijumaa ile, miaka miwili na zaidi kabla ya hayo mabadiliko yangu.

"Lilipotea," nikasema.

Mama yangu aligeuka kunitazama, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akilipangusa vumbi. Akamimina mursik katika kikombe cha mgeni wake.

Nikaandika zote sita kwa kukumbuka. Rafiki yangu alizisoma moja moja kwa sauti, na alipofika kwenye ya mwisho akasema, "Hii inasikika kama yule mwalimu wetu kabisa." Nikasema ndiyo, inasikika hivyo. Akaikunja karatasi, akaifunga kwenye leso, akamwambia mama yake wafanye haraka, maana ilikuwa Jumanne na lori halingengoja.