Valvu ya Watu wa Milimani

Sikutaka kulisema hili, lakini hapa mjini limeshasemwa sana na watu ambao hata garini hawakuwemo, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mimi niliyeliharibu, tena nililiharibu kwa utaratibu, hatua kwa hatua, kitabu kikiwa wazi mbele yangu.

Bi Mwanahawa, mjane jirani yangu hapa Bagamoyo, aliachiwa na marehemu mumewe gari la zamani la petroli, la enzi za kabureta, na alikuwa na nia moja tu: mwanawe wa pekee, Rajabu, aende kuoa Mkange ndani ya gari la baba yake, na yeye mama awe humo humo. Akaniletea siku tatu kabla ya ndoa nibadilishe oili na nitazame breki. Hakuniomba zaidi ya hapo.

Sasa mimi ufundi sikuusoma darasani, nimejifunza kwenye vitabu vya Kiingereza, kamusi pembeni, penseli mkononi (na kwa sababu hiyo nilijiona mjuzi kuliko wenzangu wote, Mungu anisamehe). Nilipomaliza breki nikaona pembeni mwa injini kijikopo cheusi chenye mipira ya kupitishia hewa, yaani valvu inayoipa kabureta hewa ya ziada gari likipanda milima mirefu, maana huko juu hewa ni nyepesi na petroli inazidi. Kitabu kilikuwa na ukurasa mzima wa kuipima. Mstari wa kwanza ulitaka ujue kwanza hapo ulipo pana mwinuko gani kutoka usawa wa bahari. Nikauruka, nikijiambia hayo ni ya watu wa milimani, sisi bahari tunaiona tukiwa gereji. Mstari wa pili: puliza, hewa ipite. Nikapuliza mpaka masikio yakaziba, haikupita, nikatangaza valvu imekufa.

Ningeirudisha tu mahali pake mambo yangeishia hapo. Lakini walikuwepo mafundi wawili wakiniambia niache, gari la harusi halichokonolewi, nami nikataka kuwafundisha. Nikaibana kwenye jiliwa, nikaikata katikati kwa msumeno wa chuma ili wauone ubovu kwa macho. Ndani palikuwa pasafi kama sahani ya mgeni.

"Ubovu uko wapi?" mmoja akauliza.

Nikamjibu, bila haya, kwamba ubovu mwingine hauonekani. Kisha nikafunga valvu nyingine niliyoitoa kwenye gari bovu, hiyo ukipuliza hewa inapita vizuri kabisa. Injini ikawa inasitasita kidogo. Nikasema itazoea.

Siku yenyewe niliendesha mimi, Bi Mwanahawa mbele, nyuma Rajabu na kanzu yake mpya pamoja na mjomba wake Kombo, na ndoa ilipangwa mara tu baada ya swala ya adhuhuri, baba wa bibi harusi akiwa mtu asiyengoja. Tulipopita Makurunge gari likaanza kukohoa kila penye mwinuko.

"Fundi, gari lako lina adabu," mjomba Kombo akasema. "Likiona kilima linapiga goti."

Kilima kilichofuata likazima kabisa. Nikafungua plagi, nikasafisha. Nikafungua kabureta, nikapuliza kila tundu. Nikakagua waya, pampu, kichujio, kwa mpangilio uleule wa kitabu, saa nzima na zaidi, kila kitu isipokuwa ile valvu, kwa kuwa ile nilikuwa nimeifunga mimi. Adhana ya adhuhuri ikatukuta pale. Zikapita bodaboda mbili, mjomba akazisimamisha, akapanda yeye moja na Rajabu nyingine, kanzu ameikunja mpaka magotini. Bi Mwanahawa ana nyonga mbovu, bodaboda hapandi. Alimtazama mwanawe mpaka vumbi likatulia, kisha akarudi kuketi garini.

Baadaye likaja lori la mananasi. Dereva akashuka, akainama kwenye injini, akaishika ile valvu.

"Hii umefunga wewe?"

Nikamweleza kwamba ya zamani haikupitisha hewa.

"Hapa pwani haitakiwi ipitishe," akasema polepole. "Mimi nimeendesha Lushoto miaka. Hiyo hufunguka ukishafika juu. Huku chini ikiwa wazi, injini inakosa petroli. Ile uliyoitoa iko wapi, tuirudishe?"

Nikamwambia iko gereji, vipande viwili. Akauchomoa mpira, akauziba kwa msumari. Gari likawaka kwa ufunguo mmoja, likapanda kile kilima kama si lenyewe.

Tulifika Mkange wanawake wanaosha masufuria. Kabla ya kushuka, Bi Mwanahawa aliniambia bila kunitazama, "Nimezaa mmoja tu, fundi."

Hajaniambia neno jingine. Nikimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba na kupita. Gari analipeleka kwa fundi mwingine, yule aliyeniuliza ubovu uko wapi, naye ananiambia msumari bado umo na gari halina shida. Vile vipande viwili nimeviweka juu ya kitabu, sikifungui bila kuviondoa kwanza. Na nimeapa: nikiletewa breki, nitatengeneza breki, na mstari wa kwanza nitausoma kama vile umeandikiwa mimi.