Mkwaruzo wa Ilimba Uliotushinda Mvumi

Siku ya kwanza kazini nilipewa kitambaa. Nilidhani nimeajiriwa kuzungusha vitufe, kumbe hapa Dodoma kazi ya kwanza ya mtu wa vyombo vya sauti ni vumbi. Linaingia kwenye spika, kwenye matundu ya nyaya, hadi kwenye chai. Fundi Mkuu alinionyesha rafu nzima, akasema, "Binti, futa. Ukimaliza, futa tena. Siku ukisikia spika inakwaruza, jua ni vumbi au waya mbovu. Hakuna cha tatu."

Maneno hayo niliyashika kama sala. Nayatanguliza hapa kwa sababu ndiyo yaliyokuja kututoa jasho.

Ilikuwa miaka ya ruksa, madukani vitu vimeanza kumiminika, na kila kijana anataka redio kaseti yenye spika mbili. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja kule Makole. Tulikuwa watatu: Meneja aliyekuwa mwenye vyombo, Fundi Mkuu aliyewahi kufanya kazi redioni, na mimi wa darasa la saba. Sikuelewa kwa nini nilichaguliwa mimi. Siku moja nikamwuliza Meneja. "Wenzako wote walioomba kazi waliniambia wanajua," akajibu, akaendelea na gazeti lake.

Tulipeleka sauti kwenye kwaya, harusi na sherehe za vijiji. Bendi za magitaa ya umeme si kazi ngumu, unachomeka waya na muziki unakuja. Kazi ni vyombo visivyo na waya, kama zeze na filimbi. Hapo unasimamisha maiki mbele ya mpigaji, na maiki haichagui. Inachukua zeze, inachukua kikohozi, inachukua na upepo. Ikisikia sauti ya spika yake yenyewe inapiga mluzi hadi watu wanaziba masikio, ndiyo maana spika tunaziweka mbele ya maiki, zikiwatazama watu.

Upepo wetu mnaujua. Kijijini Mlali tulikwenda kwenye kwaya, maiki ikawa inanguruma kuliko sauti ya nne, ile nene ya wanaume. Nikakata kipande cha sponji ya godoro nikaivisha maiki, ikanyamaza. Nadhani wazo lilikuwa langu. Fundi Mkuu alisema aliliona zamani redioni, na inawezekana ni kweli. Alikuwa mkali, lakini haki yake nimpe: hakuwahi kumwachia mtu ashike waya asioukagua yeye kwanza.

Sasa nije Mvumi. Kijiji kimoja cha huko kilikuwa kinafungua kisima, na kikundi cha Mzee Ndahani kilialikwa kupiga. Yeye alipiga ilimba, marimba yetu ya Kigogo, sanduku la mbao lenye vijiti vya chuma unavyovibonyeza kwa vidole gumba. Nyuma yake walikuwa akina mama na ngoma zao. Tulipofika, mwenyekiti wa kijiji alituita pembeni, na Mzee Ndahani mwenyewe akiwepo.

"Mwaka jana wazee hawakusikika," alisema. "Watu waliona vidole vinacheza tu. Leo wasiposikika, sherehe zetu zote tutaleta disko. Vijana wamenisonga."

Hakusema kwa ubaya. Mzee Ndahani aliitazama ilimba yake. "Hii nilifundishwa na baba yangu," alisema taratibu. "Ikiachwa kuitwa kwenye sherehe, nani atajifunza tena?"

Mwaka jana waliopeleka vyombo hawakuwa sisi, lakini nikawaza, kama wenzetu walishindwa, mimi nani?

Tukafunga vyombo. Mzee akasalimia, "Mbukwenyi!" watu wakaitika, akaanza kupiga ili tupime sauti. Spika zikatoa ilimba, na pamoja nayo mkwaruzo, kama nyuki amefungiwa kwenye kopo. Fundi Mkuu akanitazama. "Waya," alisema. Nikabadilisha waya. Nyuki yumo. "Vumbi." Nikafuta kila tundu. Nyuki yumo. Tukalisogeza jenereta mbali, wapi! Mwishowe Fundi Mkuu akaishusha ile sauti nyembamba, maana mashine huigawa sauti nene na nyembamba, kila moja na kitufe chake. Mkwaruzo ukafifia, tukapumua. Akina mama wakaingia na ngoma, na ilimba ikazama kabisa.

"Kaseti! Kaseti!" vijana wakaanza.

Mama mmoja akaacha kupiga ngoma yake. "Nyie ni mafundi au makasisi? Mbona mnafanya ibada ya nyaya?"

Watu wakacheka. Mzee Ndahani hakucheka. Akanijia. "Mwanangu, mnatafuta nini?"

"Shikamoo, mzee. Kuna mkwaruzo, tunatafuta waya mbovu."

"Marahaba. Mwambie mwenzako azime hiyo mashine."

Jenereta likazimwa. Mzee akaisogeza ilimba sikioni kwangu, akabonyeza. Mkwaruzo ule ule, bila umeme! Akaligeuza sanduku akanionyesha tundu, na juu ya tundu kimebandikwa kitu cheupe, chembamba kuliko karatasi.

"Utando wa buibui, ule anaofunikia mayai yake ukutani. Unaubandika, unatetemeka. Hiyo ndiyo sauti ya ilimba. Ukiutoa, vinabaki vyuma tu."

Muda wote ule tulikuwa tunaitibu ilimba kwa ugonjwa isiokuwa nao. Fundi Mkuu alikuja akainama, akatazama, akapuliza kidogo, utando ukalia. Akasema, "Kumbe kuna cha tatu."

Kilichofuata tulikifanya wote wawili, nami nisijichukulie sifa peke yangu. Mimi nilihamisha maiki kutoka kwenye vijiti, nikaielekeza kwenye tundu. Yeye ndiye aliyesema, "Ile sauti nyembamba tuliyoishusha, ipandishe yote." Nikapandisha.

Ngoma zikaingia, na safari hii nyuki akaruka juu yazo. Mkwaruzo ulipita katikati ya ngoma kama sindano kwenye kitambaa, ukafika hadi kwa akina mama waliokuwa kwenye foleni ya kisima. Ndoo zikawekwa chini. Mabega yakaanza kutikisika. Mzee Ndahani alifumba macho, akaimba kwa sauti ambayo asubuhi sikujua anayo. Vijana wa kaseti ndio waliotangulia kucheza na kutimua vumbi.

Nikamshika mmoja. "Si mlitaka kaseti?"

"Tulitaka kusikia, dada!"

Mwenyekiti alipanda jukwaani, akasema maneno machache: "Kisima tumefungua. Disko tumefunga." Na kweli, miaka yote niliyobakia kazini, Mvumi walituita pamoja na kikundi kile. Mzee Ndahani alipochoka, binti yake alishika ilimba.

Sasa nimestaafu, nakaa Makole. Bado najiuliza kama nilikuwa fundi au mtu wa kitambaa tu. Lakini ukutani kwangu, juu ya dirisha, kuna kona ambayo haifagiwi. Mkwe wangu alipokuja mara ya kwanza alichukua ufagio. "Mama, nikutolee utando?"

"Uache hapo hapo," nilimwambia. "Jumamosi watu wa Mvumi wanakuja kuuchukua. Wana sherehe."