Chumvi ya Bibi

Nilizimwagia chipsi zangu uhuru wa India. Ndiyo, mimi. Na mpaka leo, kila nikitoka shule nikapita duka la chipsi, harufu ya siki hunirudisha kwenye chumba chetu cha kwanza hapa London, chenye kuta mbichi kama ulimi wa mbwa.

Bibi alikuwa na kikopo cha chumvi. Zamani kule India, Waingereza walipokataza watu kujitengenezea chumvi, yeye na wasichana wenzake waliikwangua ufukweni kudai uhuru, wakapigwa virungu. Alihamia Kampala na chumvi hiyohiyo kikoponi. Wahindi wote tulipofukuzwa nchini, askari walimvua bangili zote, kikopo wakamwachia. Sasa alikaa nacho dirishani kutwa nzima, akitazama barabara ambako hakuna aliyemsalimia. Chakula hagusi. Hakina ladha, alisema.

Mimi nilijua nini? Chipsi zimepoa, chumvi ile pale. Nikamwaga yote.

"We mtoto! Umefanya nini?" Mama alipiga kelele.

"Si imekaa tu, Mama? Hata haijaoza!"

Bibi alichukua chipsi moja, akafumba macho. Akachukua nyingine.

"Lete sahani, mwizi wewe," akaniambia, akala mpaka ya mwisho huku machozi yakimtiririka.

Nilifungua mdomo nifanye mzaha. Mama akanivuta koridoni, akaninong'oneza: "Nyamaza. Tangu tufike hajamaliza sahani. Kesho tutamjazia kikopo chumvi ya dukani, naye atajifanya hajui. Na wewe jifanye hivyohivyo."