Shemeji Niliyemwogesha

Dada yangu aliolewa Kirumba, Mwanza, na mfanyabiashara wa dagaa. Alikaa naye miaka tisa, akatoka na sikio moja. La kushoto lilipasuka kwa kofi. Siku ile alikimbilia kwangu Kiseke, damu imeganda shingoni, kanga ameifunga ovyo. Mimi nilikuwa nimechaguliwa mzee wa kanisa mwaka uleule. Nilimwambia ndoa ni kuvumiliana, nikamrudisha kwa mumewe kabla majirani hawajamwona. Mwaka uliofuata alitoroka mwenyewe, akavuka ziwa kwenda Sengerema, akapanga chumba na kuanza kushona nguo. Hakuniaga.

Miaka ikapita. Siku moja mchungaji alitutuma wazee watatu kumwombea mgonjwa Kirumba. Sikujua ni nani mpaka tulipofika mlangoni. Shemeji alikuwa chini, juu ya godoro lisilo na shuka, kiharusi kimemkamata upande mzima. Mwanamke aliyemwoa baada ya dada alikuwa ameondoka na vyombo vyote. Harufu ilitutoa machozi. Tuliomba tukiwa tumesimama kizingitini, sala fupi, tukaondoka.

Tulipofika barabarani wenzangu walianza kuzungumzia mkutano wa ujenzi. Mimi miguu ikakataa. Jumapili iliyopita nilikuwa nimesimama mbele ya watu kusoma kwamba tuwe na huruma kama Baba yetu alivyo na huruma. Nilisoma vizuri, kwa sauti. Nikawaambia wenzangu watangulie, nikarudi.

Mwenye nyumba alinipa beseni na kipande cha sabuni. "Wewe ni ndugu yake?" akauliza.

"Alikuwa shemeji yangu."

Alinitazama, akaenda zake.

Nilimgeuza. Mgongoni alikuwa na kidonda ambacho ningeweza kuingiza ngumi. Nilitapika uani, nikarudi, nikamwosha. Neno moja tu lilikuwa limebaki kinywani mwake: "Basi." Ukimpa uji, basi. Ukimgusa kidonda, basi. Nilipofika kwenye mkono wa kulia, ule uliokufa, niliushika kwa muda mrefu. Sikuhisi upendo wowote. Niliuosha kwa sababu ulikuwa mchafu.

Nikawa napita kila asubuhi kabla ya kazi, miezi minne. Habari zilienea kanisani, na sitasema uongo, zilinipendeza. Nilianza kujiona nimefanana na Mungu kidogo.

Ndipo dada akapiga simu, mara ya kwanza tangu avuke.

"Nasikia unamwogesha."

"Ndiyo, dada. Hana mtu."



"Siku ile nilipokuja kwako na damu shingoni, ulinipa hata maji ya kunawa?"

Nilitoka uani na simu.

"Nakuuliza, mdogo wangu. Ulinipa?"

"Sikukupa."

"Sikwambii umwache. Mwogeshe, naye ni mtu. Lakini usiwaambie watu kwamba hiyo ni huruma ya Mungu. Mungu hachagui wa kumwona." Akakata.

Kesho yake nilikwenda kama kawaida. Nilimwosha huku nalia, na yeye akadhani namlilia. Akaanza kulia pia, mdomo umepinda, akisema basi, basi. Wiki mbili baadaye nilimkuta mwili umeshapoa. Mazishini tulikuwa watu kumi na moja. Mchungaji alinitaja kama mfano wa kuigwa, nikatazama udongo. Nilitamani anyamaze.

Jumamosi iliyofuata nilipanda kivuko. Nilimkuta dada mbele ya chumba chake, anatengeneza sare za shule. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe, na mimi sikujua.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Hakuacha kushona.

Niliketi kwenye kigoda kando yake, nikasema yote niliyokuwa nimeyapanga njiani: kwamba nilimkosea, kwamba niliogopea cheo changu kuliko nilivyomwogopea yeye. Nilipomaliza aliinua uso.

"Umekaa upande usiosikia. Hamia huku."

Nikahamia. Ikabidi niseme upya, na safari hii maneno mazuri yalikuwa yameniishia. Nilisema tu, "Dada, ulikuja kwangu unavuja damu, nikakufukuza." Mwanamke aliyekuwa anasubiri sare za mwanawe aliinamisha kichwa.

"Nimesikia," dada akasema. "Kusamehe sijui. Ndani kuna ugali, kapakue."

Sasa naenda kila mwezi. Hatuzungumzii kanisa. Kuna siku anashona tu, ananijibu ndiyo na hapana, narudi Mwanza. Kuna siku anasimulia ile miaka tisa, kipande kimoja kwa wakati, nami nimejifunza kutojitetea. Yesu aliwagusa watu waliokuwa wakioza, hilo nililijua tangu utotoni. Sikuwa nimefikiri kwamba aliwasikiliza pia, na kwamba huenda hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu zaidi.

Mwezi uliopita aliniambia kwamba siku ile niliyomrudisha Kirumba alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Ilitoka wiki hiyohiyo. Alijisafisha peke yake, kesho yake akaenda kuanika dagaa.

 Nilikaa naye mpaka akamaliza kusimulia.