Mizizi ya Bibi

Juzi, sokoni Musoma, nilisikia harufu ya mizizi mibichi ikipondwa, nikamkumbuka bibi yangu wa Butiama. Maji ya mizizi kama hiyo, aliyoichimba porini, yalikausha vidonda vyetu vya miguu utotoni. Tulipohamia kijiji cha ujamaa, mtaalamu mmoja kutoka mjini aliniomba nimwonyeshe bibi anakoichimba.

"Nachukua kipande kimoja tu, nikapime kama inaua vijidudu," aliniahidi.

Nilimpeleka. Kesho yake tulikuta mashimo matupu. Alikuwa ameng'oa yote, na hakurudi tena.

"Nani alimwonyesha?" bibi aliuliza.

"Mimi, bibi. Alisema kipande kimoja."

Hakunigombeza. Tulikuwaga tunachimba dawa wote wawili, lakini tangu siku hiyo aliitafuta mbali zaidi, na kila alipotoka aliniambia, "Wewe baki nyumbani."