Kuinama Kwenye Kona ya Tatu

Mdogo hampiti mkubwa wake. Katika kiwanda chetu cha pikipiki, mjini Hamamatsu, Japani, kanuni hiyo haikuandikwa popote, na kila mtu aliifuata. Obata Genkichi aliajiriwa miaka minne kabla yangu, basi yeye ndiye aliyetangulia mlangoni, bafuni na kwenye bakuli la supu. Hakuna aliyeishika kanuni kama mimi. Hata viatu vyake nilimpangia, nikajiona mtu wa maadili.

Mwaka 1955, mbio zetu zilipokuwa bado za vumbi na majivu ya volkano, mkurugenzi alitutangazia: yeyote kati yetu atakayeshinda mbio za mlima Asama atapelekwa kushindana Ulaya. Akishinda mtu wa nje, haendi mtu. Niliitaka safari ile hadi nikaanza kula viazi kwa uma, kwa mazoezi.

Mzunguko wa mwisho, Obata alikuwa wa kwanza, mimi wa pili, na nyuma yetu Mutaguchi, muuza tambi aliyekuja na pikipiki yake ya kupelekea wateja chakula. Kwenye kona ya tatu Obata akapunguza mwendo, akageuka, akanipungia mkono. Mkubwa amenisalimu! Nikainama. Akapunga tena, kwa nguvu. Nikainama zaidi, nikapunguza mwendo nisimkaribie bila adabu. Mara ya tatu paji langu likagonga tangi la mafuta. Nilipoinua uso, Mutaguchi alishatupita sote wawili.

"We Nirasawa!" Obata alinikaba kola tulipomaliza. "Mbona hukupita, bwege wewe?"

"Ningekupitaje, kaka?"

"Klachi yangu imekufa! Nimekupungia mara tatu, pita, pita!"

"Nami nimeinama mara tatu, kaka."

"Nimeona! Nikadhani umeangusha jino."

Mutaguchi alikuwa anavua kofia, anacheka. "Msigombane, jamani. Njooni dukani kwangu, tambi leo bure."

Mkurugenzi hakucheka. Aliuliza nani ametuaibisha mbele ya muuza tambi.

"Ni mimi, bwana," Obata akasema. "Mashine yangu, kosa langu."

Nilijua ninachopaswa kusema: kwamba njia ilikuwa wazi na mashine yangu nzima. Lakini mdogo hamkatizi mkubwa anapozungumza. Nikainama mara ya nne, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Baadaye nilihamia mbio za magari, nikashindana miaka saba kwenye lami, nikapata vikombe viwili na sifa ya kuwa mmoja wa waanzilishi wa mbio hizo nchini. Siku hizi mimi hualikwa kuhutubia watu kuhusu nidhamu. Huhutubia saa nzima, nao hupiga makofi.

Ulaya sikupelekwa kamwe. Obata, aliyeendesha vizuri kuliko mimi, aliondolewa kwenye timu wiki ileile, akafunga makasha ya vipuri hadi alipostaafu.